Sputnik (2020): Hivi yule mwanaanga ilikuwa lazima afe? (Natoboa mwisho)

#1 Kipanga Mweusi
Wakuu, salaam. Ambaye hajaiangalia aishie hapa, maana natoboa mpaka mwisho.

Nazungumzia Sputnik, muvi ya Kirusi ya mwaka 2020, mwongozaji Egor Abramenko. Kisa ni cha 1983. Wanaanga wawili wa Kisovieti wanarudi duniani, kapsuli inatua Kazakhstan. Mmoja ndiyo basi tena. Wa pili, Konstantin Veshnyakov, yuko hai, anafungiwa kwenye kambi ya jeshi huko huko nyikani. Usiku akilala, kuna kiumbe kinamtoka mdomoni. Kanali Semiradov anamleta daktari kutoka Moscow, Tatyana Klimova, aangalie kama mtu na kiumbe wanaweza kutenganishwa. Mwishoni jamaa anajipiga risasi ili kiumbe nacho kife.

Hoja yangu: ndani ya muvi hakuna sababu ya yeye kufa. Kiumbe kilikuwa kinamtibu majeraha. Yeye mwenyewe alishaanza kuelewana nacho. Ana mtoto wa kumfuata. Waandishi walikosa mlango wa kutokea wakaona wamuue. Anayepinga aje na ushahidi, si "ni sanaa mkuu".

#2 Chawa Mstaafu
Nimewahi siti ya mbele. Wajuzi waje.

#3 Fundi Redio
Kipanga, umeng'ang'ana na mwisho wakati jibu liko kwenye mwaka.

Kwa nini 1983? Angalia ulivyokuwa kwa Warusi. Andropov yuko madarakani, figo zimekufa, anaongoza nchi akiwa kitandani hospitali. Tarehe 1 Septemba wanaidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, watu 269 wanapotea. Tarehe 26 Septemba, usiku wa manane, Luteni Kanali Stanislav Petrov anaona kwenye mitambo yake makombora ya Marekani yanakuja. Anaamua ni hitilafu ya mitambo, na kweli ilikuwa hitilafu. Tarehe hiyo hiyo, usiku ulipoingia tena, kule Baikonur roketi ya Soyuz inashika moto ikiwa bado kwenye jukwaa la kurushia, na juu yake wamekaa Vladimir Titov na Gennady Strekalov. Roketi ndogo za kuokolea zikainyofoa kapsuli sekunde chache kabla ile kubwa haijalipuka. Wakatua kilomita kama nne kutoka pale, wazima. Magazeti ya nchi yao hayakuandika kitu.

Nchi ya namna hiyo, ikipata shujaa aliyerudi na mgeni tumboni, itamwachia aende kwa mtoto? Konstantin alikwisha siku aliyotua. Risasi ilikuwa kukamilisha makaratasi tu.

#4 Tumbiri
Huyo Titov si ndiye alikuwa wa pili kwenda angani baada ya Gagarin? Kwa hiyo kapata mikasa yote peke yake?

#5 Fundi Redio
Hapana. Aliyemfuata Gagarin kuzunguka dunia, 1961, ni Gherman Titov. Huyu ni Vladimir, mtu mwingine kabisa. Miaka ya baadaye Vladimir alisimulia kwamba baada ya kapsuli kurushwa, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzima kinasa sauti, kwa sababu walikuwa wanatukana.

#6 Tumbiri
Gherman, Vladimir, wote Titov. Ila huyo wa kuzima kinasa sauti ndiye mwanaanga wangu kuanzia leo.

#7 Tabibu wa Kata
Mimi ugomvi wangu ni sayansi yake.

Tatyana anagundua kiumbe kinatafuta kotisoli, homoni ya msongo, ndiyo maana kinaingiziwa wafungwa huku wanatetemeka. Mpaka hapo sawa. Lakini kinavunja vichwa! Kotisoli haitengenezwi kichwani. Ubongo unatoa amri, tezi ya pituitari inapeleka ujumbe kwenye damu, na kiwanda chenyewe ni tezi za adrenali zilizokaa juu ya figo. Kiumbe chenye akili kingemfungua mtu kiunoni. Waandishi walichagua kichwa kwa sababu kamera inapenda kichwa.

Sasa la kweli, mlale nalo. Watafiti wa NASA walipima wanaanga kabla, wakati na baada ya safari, matokeo yakachapishwa 2019. Kwenye safari fupi za shuttle, wanaanga 47 kati ya 89 walikutwa virusi vya jamii ya malengelenge vimeamka na vinatoka kwenye mate au mkojo. Kwenye safari ndefu za kituo cha kimataifa, 14 kati ya 23. Hivi si virusi vya angani. Ukishaugua tetekuwanga utotoni, virusi vyake havitoki, vinalala kwenye mishipa ya fahamu maisha yako yote. Roketi inatetemeka, usingizi unakatika, uzito unapotea, kotisoli inapanda, kinga inalegea, vinaamka. Wengi wao hawakuugua chochote, lakini walikuwa wanavitoa.

Kwa hiyo mwanaanga kurudi na mgeni anayenufaika na kotisoli si uongo mtupu. Ila mgeni huyo huwa ameondoka naye nyumbani.

#8 Chawa Mstaafu
Tabibu, mimi niliugua tetekuwanga darasa la tatu. Kwa hiyo ninaye?

#9 Tabibu wa Kata
Unaye. Ukizeeka au kinga ikishuka anaweza kutoka kama mkanda wa jeshi. Usiende angani tu.

#10 Mkenya Halisi
Jameni, mimi nashangaa nyinyi mliona filamu gani. Yangu niliiona kwa kibanda cha video, imetafsiriwa na DJ wa hapa mtaani. Kanali alikuwa anaitwa OCS. Tatyana aliitwa Daktari Njeri. Na yule mnyama DJ alimpa sauti! Kila akitoka mdomoni anasema, "Kostya, mjomba, niko na njaa." Ukumbi mzima tunacheka. Halafu mwisho Konstantin anapojipiga risasi, DJ akanyamaza. Hakusema neno. Ilitugonga vibaya sana.

Kwa hiyo kwangu mimi hao wawili walikuwa ndugu. Mnyama hakuwa adui.

#11 Kipanga Mweusi
Mkenya, umeangalia muvi bora kuliko yetu. Lakini umeniunga mkono: kama ni ndugu, kwa nini amuue?

#12 Mama Zubeda
Hamjambo. Nimesoma kimya kimya mpaka nimechoka, kwa sababu jambo liko wazi mno kwa mtu wa Pwani.

Huku kwetu pepo mkubwa hatolewi kwa fimbo. Anaandaliwa ngoma, anapandishwa, anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Akitaka ubani anapewa, akitaka marashi, kilemba, damu ya mbuzi, anapewa. Aliyepandwa ndiye kiti, na kiti akitunzwa vizuri huishi na mgeni wake mpaka uzeeni, anaolewa na kuzaa. Mwangalieni Tatyana. Wenzake wote wanapima damu na kupiga picha, yeye peke yake anakaa nyuma ya kioo na kujiuliza hiki kinachotoka kinataka nini. Kazi ya fundi wa ngoma hiyo, hata kama kavaa koti jeupe. Na Konstantin siku zote alikuwa anajua kuna kitu ndani yake, anajifanya hana kumbukumbu. Kiti wetu nao huwa hivyo hivyo: asubuhi anakwambia hakumbuki, na anakumbuka.

Sasa Kanali ni nani? Ni yule ndugu wa mgonjwa anayefika kilingeni hataki mtu wake apone, anataka pepo atumwe akamdhuru jirani. Ngoma ikishaingia mtu wa namna hiyo, haiishi salama.

#13 Fundi Redio
Shangazi, kwa heshima zote, hii ni muvi ya Warusi, imewekwa kwenye kambi ya jeshi la Kisovieti. Pepo wa Pwani amefikaje Kazakhstan? Na pepo wa kwenu analishwa kwa hiari. Huyu analetewa mfungwa ambaye hakuulizwa.

#14 Mama Zubeda
Na mbuzi huwa anaulizwa?

#15 Tumbiri
Fundi, kaa chini.

#16 Dada wa Kigoma
Mnazunguka biolojia na siasa wakati muvi nzima ni ya mtoto. Kwanza hesabu zile picha za kituo cha watoto yatima zinavyoingia katikati ya mambo bila kuelezwa. Mtoto analala kitandani, mtoto anasogea sakafuni kwa shida. Wote tulidhani ni mtoto wa Konstantin, yule aliyemwacha kituoni akaenda kwanza angani. Mwisho ndiyo tunaonyeshwa kwamba mtoto tuliyekuwa tunamtazama ni Tatyana mwenyewe, utotoni.

Kwa hiyo Tatyana hakuwa anamtibu mwanaanga. Alikuwa amekaa mbele ya mzazi aliyemtupa, ana nafasi ya kumuuliza kwa nini. Ndiyo maana hamwonei huruma ya juu juu, na ndiyo maana hakati tamaa. Nimelelewa kwa shangazi baada ya baba kwenda mgodini na asirudi, naomba mniamini kwenye hili: mtu wa namna hiyo haumizwi na kiumbe, anaumizwa na baba anayesema "nilikuwa na safari".

Na Konstantin anakufa kwa sababu hiyo. Kwenda kumchukua mtoto akiwa na kile kitu ndani, angempelekea mtoto hatari nyingine. Ni mara ya kwanza anamfikiria mtoto kabla ya safari.

#17 Kipanga Mweusi
Dada, #16 umenigusa, ila bado sijashinda hoja moja. Kiumbe hakikuwahi kumgusa Tatyana baada ya kumzoea. Kwa nini kingemgusa mtoto?

#18 Dada wa Kigoma
Kwa sababu watoto wa kituoni wanaogopa muda wote. Rudi kwa Tabibu #7, soma kinakula nini.

#19 Tabibu wa Kata
Hapo umemaliza mchezo.

#20 Chawa Mstaafu
Ngojeni. Huyu Tatyana nimemuona wapi? Sura yake inanisumbua tangu juzi.

#21 Mkenya Halisi
Oksana Akinshina. Ni yule msichana Jason Bourne alienda kumuomba msamaha kule Moscow, kwa kuwaua wazazi wake. The Bourne Supremacy, 2004. Huyu dada amezoea kuketi mbele ya wanaume wenye mikono michafu.

#22 Chawa Mstaafu
Ndiyo huyo! Asante sana mkuu, sasa naweza kulala. Na Kanali ni yule mzee aliyetengeneza Vita na Amani?

#23 Fundi Redio
Huyo ni baba yake. Vita na Amani ni ya Sergei Bondarchuk, ikachukua Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni 1969. Sergei alifariki 1994. Kanali wa humu ni mwanawe, Fyodor Bondarchuk, ambaye naye ni mwongozaji na ni mmoja wa waliotoa Sputnik. Konstantin ni Pyotr Fyodorov. Abramenko kwake hii ndiyo filamu ndefu ya kwanza, kabla yake alikuwa ametengeneza fupi yenye wazo hili hili.

#24 Mhitimu wa 86
Vijana, habari za jioni. Nimeona mnaitaja Moscow nikaona niseme kidogo. Nilisoma kule, Chuo cha Urafiki wa Mataifa cha Patrice Lumumba, miaka ambayo muvi hii inaizungumzia. Tulikuwa Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, wote tunagombania jiko moja.

Nakubaliana na Fundi #3 nusu. Usiri ulikuwepo, ndiyo. Ila mnaupaka rangi moja tu. Siku ya Wanaanga, 12 Aprili, ilikuwa sikukuu ya kweli kwa watu wa kawaida. Bibi aliyekuwa akitunza bweni letu alikuwa na picha ya Gagarin ukutani, na hakulazimishwa na mtu. Mwanaanga alikuwa mtu wa kupigiwa saluti na watoto barabarani, na Nyota ya Dhahabu kifuani. Kwa hiyo tatizo la Konstantin si dola tu. Ni kwamba watu wanampenda. Shujaa haruhusiwi kuwa na mtoto aliyeachwa kituoni. Kabla hujapanda roketi, wanachunguza moyo wako, mapafu yako, na maisha yako ya nyumbani pia. Ukionekana una doa, anapanda mwenzako aliyekuwa akiba.

Kwa hiyo kiumbe, kwangu mimi, ni lile doa. Amelificha tumboni, linatoka usiku. Sikuona haja ya pepo, mama yangu Zubeda unisamehe, ingawa fundi wa ngoma naye nimempenda.

Halafu kitu kimoja mnakosa kwa kusoma maandishi ya chini. Angalieni wanavyoitana. Mwanzoni Tatyana na Konstantin wanaitana kwa adabu ya ofisini, jina pamoja na jina la baba. Kadiri siku zinavyokwenda wanashuka mpaka majina ya nyumbani. Kanali haitwi hivyo na mtu yeyote.

#25 Mama Zubeda
Umesamehewa baba, maana umekuja na adabu.

#26 Tumbiri
Naomba kuuliza swali la kijinga. Wanaanga wanakuwa na bastola? Nimesikia Warusi wanapanda nayo.

#27 Fundi Redio
Si la kijinga. 1965 Alexei Leonov na Pavel Belyayev walirudi na Voskhod 2, mfumo wa kutua wenyewe ukagoma, wakatua kwa mkono na kuangukia msituni mkoa wa Perm, theluji imejaa. Wakalala huko wakisubiri kufikiwa, na ule ni msitu wa mbwa mwitu na dubu. Kutokana na visa vya namna hiyo ikatengenezwa bunduki fupi ya mitutu mitatu, TP-82, miwili ya marisau na mmoja wa risasi. Ilianza kupanda kwenye Soyuz mwaka 1986. Kwa hiyo kisa cha 1983 hakihusiki nayo. Konstantin alitumia bastola ya mwanajeshi.

Na nikiwa hapo hapo, wengi mnadhani hatari iko kwenye kwenda. Kwa Warusi vifo vyote vya ndani ya safari vilikuwa vya kurudi. Vladimir Komarov, Soyuz 1, Aprili 1967, parachuti haikufunguka vizuri. Halafu 30 Juni 1971: Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev wanatoka kwenye Salyut 1, kituo cha kwanza cha anga duniani, wamekaa zaidi ya wiki tatu. Parachuti ikafunguka. Kapsuli ikatua vizuri kabisa. Waokoaji wakagonga ubavuni, kimya. Wakafungua mlango, wote watatu wamekaa kwenye viti vyao wamekufa. Kilichotokea ni kwamba sehemu za chombo zilipoachana kule juu, kama kilomita 168, vali moja ilifunguka, hewa ikatoka yote. Hawakuwa na suti za kuzuia kupungua kwa hewa kwa sababu watu watatu wenye suti hawakuenea.

Mtu anayetengeneza muvi ya Kirusi ya kapsuli inayotua na kufunguliwa hahitaji kumtafuta mdudu mbali. Kila Mrusi mtu mzima anapoona ule mlango, anajua historia hiyo.

#28 Mkenya Halisi
Hiyo ya kugonga imenitoa jasho. Na ndiyo maana kwa filamu wako wawili tu? Sababu ya suti?

#29 Fundi Redio
Baada ya 1971 ndiyo, wakawa wawili kwa miaka kadhaa. Lakini toleo la Soyuz T, kuanzia 1980, lilirudisha nafasi ya tatu wakiwa na suti. Aprili 1983 Soyuz T-8 ilipanda na watatu, wakiwemo hao hao Titov na Strekalov, wakashindwa kuungana na Salyut 7, wakarudi. Yaani 1983 Titov na Strekalov walikosa kituo mara mbili. Wawili wa kwenye muvi ni uamuzi wa waandishi, ili abaki mmoja.

#30 Tumbiri
Titov wangu mimi huyo. Mwaka mmoja, roketi mbili, na matusi.

#31 Kipanga Mweusi
Niwarudishe kwenye mada. Mimi nilidhani chanzo cha wazo ni yule Krikalev aliyeachwa angani nchi yake ikafa, wakakosa hela ya kumshusha. Mtu anarudi, nchi iliyomtuma haipo.

#32 Mhitimu wa 86
Hakuachwa hivyo. Sergei Krikalev alipanda Mei 1991. Abakie au ashuke, aliulizwa, akakubali kubaki, kwa kuwa kiti cha mhandisi wa kumbadili alipewa Toktar Aubakirov, Mkazakh, kwenye safari ya Oktoba. Ilikuwa siasa ya Kazakhstan kuliko hela, ingawa hela nazo zilikuwa shida. Alitua 25 Machi 1992, karibu na Arkalyk, ndani ya nchi ambayo alipoondoka ilikuwa jamhuri mojawapo ya kwao.

#33 Kipanga Mweusi
Kwa hiyo nchi ilikuwa haipo. Hoja yangu inasimama.

#34 Mhitimu wa 86
Nchi haikuwepo, lakini ngazi ya kushukia ilikuwepo. Kapsuli ya Soyuz ilikuwa imefungwa pale pale kituoni muda wote. Usibadilishe maneno, kijana.

#35 Dada wa Kigoma
Huyo Krikalev alikuwa na mke na mtoto mchanga wakati huo. Narudi kwenye #16, sitachoka.

#36 Chawa Mstaafu
Mimi kilichonishangaza ni Konstantin alivyokuwa anatembea tembea. Wanaanga wa kweli si wanabebwa kwenye viti?

#37 Tabibu wa Kata
Kweli, wengi hubebwa. Bila uzito, mifupa ya nyonga na miguu hupoteza kama asilimia 1 mpaka 1.5 kwa mwezi, misuli inanywea, na ukisimama ghafla damu inakimbilia miguuni, unaanguka. Lakini inategemea muda na mazoezi. Valeri Polyakov alikaa siku 437 mfululizo ndani ya Mir, kituo cha anga cha Warusi, akatua Machi 1995, akatoka akatembea mwenyewe hatua chache mpaka kwenye kiti. Alikuwa daktari, alitaka kuonyesha kwamba mtu akifika Mars anaweza kusimama akafanya kazi.

Kwenye muvi wamelitumia hili vizuri: Konstantin anapona haraka kuliko binadamu, na hicho ndicho kinachowashtua.

#38 Mkenya Halisi
Karantini nayo? Wamarekani si walifungia wale wa mwezini?

#39 Fundi Redio
Siku 21. Apollo 11, 12 na 14. Baadaye wakaacha, hakuna kilichoonekana. Armstrong na wenzake walikaa ndani ya trela huku Rais Nixon anawasalimia dirishani. Lakini kapsuli yao ilifunguliwa baharini, hewa yake ikatoka humo humo. Kama kungekuwa na mdudu, Pasifiki ingekuwa imempata kabla ya Nixon.

#40 Mama Zubeda
Kwa hiyo wasomi nao hufanya kafara ya kujiridhisha.

#41 Fundi Redio
Shangazi leo umenikamata.

#42 Tumbiri
Inapatikana wapi kwa asiye na kibanda cha DJ? Mtaani kwetu wananiambia haikuonyeshwa sinema.

#43 Kipanga Mweusi
Kwao nayo ilikosa sinema. Ilitakiwa itoke Aprili 2020, korona ikafunga kila kitu, tamasha la filamu la Tribeca ambako ilikuwa ionyeshwe likaahirishwa, basi ikatoka kwenye mtandao 23 Aprili. Marekani ikatoka Agosti. Watu waliiangalia wamefungiwa ndani, habari ya mtu aliyefungiwa ndani na kitu kinachotoka mdomoni. Halafu 2021 ikatangazwa Matt Reeves anataka kutoa toleo la Kiingereza.

#44 Mkenya Halisi
La Kiingereza watamponya na atoke na mnyama wake, wafungue sehemu ya pili. Weka neno langu.

#45 Tabibu wa Kata
Kipanga, nimekaa nikafikiria swali lako la kwanza kama tabibu, nina jibu jingine ambalo hakuna aliyeligusa.

Mtu akitumia dawa za steroidi muda mrefu, tezi zake za adrenali zinalala, kwa sababu mwili unaona homoni inatoka nje. Ukimkatishia ghafla, presha inaporomoka, sukari inashuka, anaweza kufa. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo, hasa wanaonunua vidonge vya kunenepesha mitaani na kuacha siku moja. Sasa Konstantin anaishi na kiumbe kinachocheza na mfumo huo huo usiku na mchana. Ukikitoa, si kwamba anabaki bila mgeni. Anabaki bila mtambo wa kuuendesha mwili wake. Angekufa siku chache baadaye kitandani, polepole. Risasi ilimpunguzia.

#46 Kipanga Mweusi
Tabibu, umejifunga mwenyewe. Haidrokotisoni ilikuwepo 1983?

#47 Tabibu wa Kata
Ilikuwepo. Kotisoni iliwapa watu tuzo ya Nobel 1950.

#48 Kipanga Mweusi
Basi kambi ya jeshi yenye maabara ingempa vidonge, akaishi. Mtu wa kisukari haishi na sindano?

#49 Mkenya Halisi
Ngoja kidogo. Kama kotisoli ni dawa ya kununua, mbona wasimlishe mnyama hiyo dawa tangu siku ya kwanza? Wafungwa wote wale walikufa bure?

#50 Fundi Redio
Kwa sababu Kanali hakuwa anatafuta chakula cha mnyama. Alikuwa anataka kuona mnyama anavyoua. Silaha haijaribiwi kwa vidonge.

#51 Dada wa Kigoma
Au Tatyana ndiye aliyegundua kotisoli, kabla yake hakuna aliyejua kinakula nini. Msimpe Kanali akili asizokuwa nazo.

#52 Fundi Redio
Baada ya Tatyana kugundua, aliacha kuwaingiza wafungwa?

#53 Dada wa Kigoma
Hakuacha.

#54 Kipanga Mweusi
Hilo linamfanya Kanali kuwa mbaya, sawa, tulishajua tangu alipoingia na ile sauti ya upole. Halielezi kwa nini Konstantin hakupewa vidonge. Nasubiri mwenye jibu, na Tabibu usikimbie.